Maswali ya Wasomaji: Mpasuaji Akishahitimu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka thieta: kwa wapasuaji walio kazini na kwa wanaofanya nao kazi. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na jopo letu la madaktari wa upasuaji pamoja na muuguzi wa thieta.

Wahariri, mimi ni daktari bingwa wa upasuaji katika hospitali ya mkoa, mwaka wa 9 sasa tangu nihitimu. Nina faili zima la vyeti vya semina. Nikisema ukweli, ninavyopasua leo ndivyo nilivyopasua mwaka wa tatu. Nianzie wapi?
— Daktari, Tabora

Anza na kazi moja ndogo unayoifanya kila wiki, uipime kwa namba. Semina inakupa habari, na habari ina faida yake, lakini mkono hubadilika pale tu unapojua kwa hakika umefanya nini na matokeo yake yalikuwa nini. Semina nyingi hazigusi hayo mawili.

Tunakushauri uanze na kufunga tumbo lililopasuliwa katikati. Wapasuaji wachache wanalihesabu jambo hili kuwa ustadi. Mara nyingi huachiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo wakati mkubwa wake ameshavua glavu, na ngiri ya kwenye kovu hujitokeza miezi mingi baadaye, mgonjwa yuko kijijini kwake. Hakuna anayeunganisha ile ngiri na ule mshono.

Unahitaji rula ya chuma iliyopita kwenye otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke), basi. Kabla ya kufunga, pima urefu wa mpasuko kwenye fasia, yaani ule utando mgumu mweupe, usipime ngozi. Tuseme ni sentimita 18. Una nyuzi 2 za sentimita 70, jumla 140. Ukimaliza kufunga, kusanya mabaki yote ya uzi uliyokata, uyanyooshe kando ya rula: tuseme yamefika sentimita 52. Uliobaki ndani ya mgonjwa ni 88. Gawanya kwa 18, unapata 4.9. Kanuni inayofahamika tangu miaka ya 1970 ni kwamba jibu hilo lisipungue 4.

Likija 3 na kitu, ama mishono yako imeachana mno, ama umeuvuta uzi kupita kiasi. Kosa la pili ndilo linalojificha, kwa sababu mshono uliokazwa unapendeza kwa macho. Tumbo likivimba kesho yake, uzi ule unaikata fasia pole pole kama waya wa muuza duka unavyokata mche wa sabuni, na nyama iliyobanwa ndani ya mshono inakosa damu na kufa. Kaza hadi kingo zigusane tu, uache hapo.

Kuhusu ukubwa wa mishono, utafiti wa STITCH uliofanyika Uholanzi na kutolewa mwaka 2015 ulilinganisha mishono ya sentimita 1 (sentimita 1 kutoka ukingoni, sentimita 1 kati ya mshono na mshono) na ile ya milimita 5 kwa 5. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikutwa kwa 21% ya walioshonwa mishono mikubwa, na 13% ya walioshonwa midogo. Gharama yake ilikuwa dakika 4 hivi za ziada kwa mgonjwa. Kwa mpasuko wako wa sentimita 18 hiyo ni mishono 36 hivi, kwa uzi wa unene wa 2-0 unaoyeyuka taratibu na sindano ndogo, ukishika fasia peke yake bila mafuta wala msuli. Hesabu kwa sauti. Muuguzi anayekupa vifaa ahesabu nawe. Usiubane uzi kwa koleo la sindano mahali patakapobaki ndani, maana uzi wa nyuzi moja ukishapondwa hudhoofika pale pale. Jambo moja la kuzingatia: wagonjwa wa STITCH walikuwa wa operesheni zilizopangwa. Tumbo lililojaa usaha ni habari nyingine, ingawa hesabu ya 4 haikuachi huko pia.

Halafu fungua daftari. Andika tarehe, aina ya operesheni, nafasi yako (ulipasua mwenyewe, ulisaidia, au ulisimamia), urefu wa mpasuko, uzi uliotumika, jambo lolote usilolitarajia, kisha uache safu moja tupu ya siku ya 30. Safu hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kidonda kinachotunga usaha siku ya 9 hakirudi kwako. Kinakwenda zahanati ya jirani, kinafunguliwa, mgonjwa anapewa vidonge, nawe unabaki ukiamini kwamba wagonjwa wako hawapati usaha. Mpigie simu siku ya 30 umuulize mambo manne: Je, kidonda kilitoa maji au usaha? Kuna mtu alikifungua au kukiosha? Ulipewa dawa za kidonda baada ya kutoka kwetu? Ulipata homa? Mkipokezana na muuguzi wa wodi, wagonjwa 20 mnawamaliza ndani ya saa moja na nusu.

Waandike wote mfululizo bila kuchagua. Wagonjwa 2 wenye usaha kati ya 20 ni 10%, lakini kwa idadi ndogo hivyo bahati tu inaweza kuleta 2 badala ya 1 au 3. Ukifika 50 ndipo anza kuiamini namba yako, na ndipo ubadilishe kitu kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.

Shikamooni wahariri. Mimi ni muuguzi wa thieta. Kila mwezi tuna kikao cha kujadili vifo na madhara baada ya upasuaji, nacho kimekuwa kama mahakama. Madaktari vijana wananyamaza, wauguzi tunaangalia chini, na mwezi unaofuata kosa ni lile lile. Kifanyike nini?
— Muuguzi, Songea

Marahaba, dada. Kikao hicho, kikiendeshwa vizuri, kinawafundisha wapasuaji kuliko kongamano lolote, na hakina nauli. Ndiyo maana kuharibika kwake kunatuuma.

Kwanza, mwenyekiti asiwe yule aliyepasua wala mkuu wake wa moja kwa moja. Pili, chukueni wagonjwa 2 tu, dakika 20 kila mmoja. Tatu, kabla mtu yeyote hajatoa maoni, chora mstari wa saa ubaoni. Tuchukue mfano wa kidole tumbo kilichopasuka: saa 3 asubuhi kapokelewa, saa 5 daktari kaamua apasuliwe, saa 10 jioni wembe umegusa ngozi. Mstari huo ukishachorwa, macho ya watu yanamwacha mpasuaji na kuhamia kwenye zile saa 5 katikati. Zilikwenda wapi? Pengine damu ilisubiri mtu mwenye ufunguo wa maabara, pengine mashuka ya thieta hayakuwa yamekauka. Hayo hayaonekani mkianza na "nani alimpasua?"

Swali la kumuuliza aliyefanya uamuzi liwe moja: "Wakati ule, ulikuwa unaona nini hata ukaona hilo ndilo sahihi?" Kisha nyamazeni mpaka amalize. Mwishoni kikao kitoke na badiliko moja, jina la anayelisimamia na tarehe. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kulikagua badiliko hilo kabla ya mgonjwa mpya. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo sababu ya kosa lile lile kurudi.

Wewe kama muuguzi una nyenzo nyingine mkononi: orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19 na vituo vitatu, yaani kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, na madhara kutoka 11% hadi 7%. Penye kasoro mara nyingi ni kituo cha tatu, kwa kuwa kila mtu anataka kutoka. Fomu inajazwa mgonjwa akiwa ameshafika wodini. Kataeni kufungua mlango hadi idadi ya vitambaa, sindano na vifaa isomwe kwa sauti na mpasuaji aitike.

Nina umri wa miaka 57, nimepasua tangu enzi za kufungua tumbo zima. Sasa hospitali imeleta mashine ya kupasua kwa matundu madogo na kamera, na wanaoijua ni vijana waliotoka mafunzoni juzi. Nimekwenda kozi ya siku tatu nikapewa cheti. Je, yatosha kuanza kutoa mifuko ya nyongo? Na wanangu hawa watanifundishaje bila ya kuvunjiana heshima?
— Daktari, Mombasa

Haitoshi, daktari wetu, na kuuliza kwako kunaonyesha kwamba wewe mwenyewe umeshaona hivyo. Siku tatu zinatosha kukujulisha vyombo. Uzoefu wako wa kujua tumbo lilivyo, na lini pa kusimama, unao tayari, na hao vijana bado hawana. Kinachokosekana ni mkono uliozoea kufanya kazi kwa kutazama kioo, na jicho linalosoma picha isiyo na kina. Hayo yanapatikana kwenye boksi la mazoezi (soma jibu linalofuata), kisha kwa kusaidia kushika kamera, kisha kupasua ukiwa umesimamiwa.

Kwenye mfuko wa nyongo hatari kubwa ni kuukata mrija mkuu wa nyongo ukidhani ni mrija wa mfuko. Macho yanadanganya hasa pale mfuko unapovutwa juu kwa nguvu: mirija miwili inanyooka na kuwa kama mmoja. Mwaka 1995 daktari Steven Strasberg wa Marekani aliandika masharti matatu ambayo lazima yote yaonekane kabla ya klipu ya kwanza, yaani kibanio cha kufunga mrija. Pembetatu iliyo kati ya mfuko, mrija na ini iwe imesafishwa mafuta na makovu. Theluthi ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kutoka kitandani pake kwenye ini. Na vinavyoingia kwenye mfuko viwe viwili tu, mrija na mshipa wa damu, bila cha tatu. Piga picha mbili za mnato, ya mbele na ya nyuma. Umwambie msaidizi azitaje hizo alama tatu kwa sauti. Akisita, hujafika.

Na usipofika, kwa sababu ya uvimbe au makovu, usiendelee kuchimba chini. Mwite mwenzio. Fungua tumbo, kazi unayoijua, au ukate sehemu ya mfuko na kuiacha ile iliyogandamana. Wala usione haya: kusimama hapo ni uamuzi wa fundi.

Kuhusu heshima, wekeni makubaliano mapema, nje ya thieta. Kijana asikukosoe mbele ya timu isipokuwa kwa neno moja mlilokubaliana, tuseme "ngoja", na ukilisikia mikono isimame papo hapo bila maswali. Mafunzo yenyewe yafanyike baadaye kwa kutazama video ya operesheni, dakika 10 tu za sehemu ngumu, mlango umefungwa. Naye asianze na hukumu, aulize, "Hapa ulikuwa unatafuta nini?" Utashangaa ni mara ngapi jibu litakuwa kwamba hukumbuki. Siku nyingine geuzeni zamu: umtazame wewe anavyofungua tumbo lenye makovu. Hapo kila mmoja ni mwanafunzi wa mwenzake.

Video zihitaji idhini ya maandishi ya mgonjwa, zisionyeshe uso, jina wala alama ya mwili, na zikae kwenye kompyuta ya hospitali yenye nywila. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kundi la WhatsApp si mahali pake.

Hatuna maabara ya mazoezi. Nawezaje kutengeneza boksi la kujifunzia upasuaji wa matundu nyumbani, na nitajuaje kama nimeiva?
— Daktari, Eldoret

Tafuta boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, urefu wa sentimita 40 hivi na kina cha 20, lisilopenya mwanga. Kwenye mfuniko toboa matundu mawili ya milimita 12, yaachane sentimita 15. Kipimo hicho kina sababu. Lengo lako likiinuliwa hadi liwe sentimita 15 kutoka kila tundu, vyombo viwili vitakutana kwa pembe ya nyuzi 60, na pembe hiyo ndiyo mikono hufanya kazi vizuri zaidi. Chombo cha matundu kina urefu wa sentimita 33 hadi 36, kwa hiyo nusu itakuwa ndani na nusu nje. Ukitoboa karibu karibu, vyombo vitagongana kama vijiti vya kusokotea. Ukitoboa mbali, bega litapanda. Chini ya kila tundu gundisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chenye mkato wa msalaba, ili chombo kisilegee.

Kamera ya kompyuta iwekwe katikati ya matundu, ikitazama chini kwa mshazari. Tumia waya, picha inayopita hewani kwenda kwenye televisheni inachelewa kidogo, na uchelewaji huo unauharibu mkono. Ndani bandika taa ya ukanda. Boksi likae kwenye stuli fupi, kiasi kwamba mishikio ya vyombo iwe usawa wa kiwiko. Wengi huliweka juu ya meza ya kulia chakula, na baada ya wiki wanalalamika shingo.

Vyombo omba vilivyoondolewa kazini, na viwekewe alama ya rangi visirudi thieta kamwe.

Mazoezi ni matatu. Kuhamisha vipande 6 kutoka vijiti vya kushoto kwenda kulia, ukikipokeza kila kipande hewani toka mkono mmoja hadi mwingine, kisha kuvirudisha: sekunde 48, kisianguke nje ya picha hata kimoja. Kukata duara kwenye gozi: sekunde 98, mkasi usitoke nje ya mstari zaidi ya milimita 2. Kushona na kufunga fundo ndani ya boksi kwa uzi wa sentimita 15, mzunguko wa kwanza mara mbili na miwili inayofuata mara moja moja: sekunde 112. Hivyo ndivyo viwango vya ustadi vinavyotumika kwenye mfumo wa FLS wa Marekani, yaani mafunzo ya misingi ya upasuaji wa matundu. Vifikie mara 2 mfululizo, halafu mara nyingine 10 kwa siku tofauti.

Kosa la fundo karibu kila mara ni mkia wa uzi. Ukiuacha mrefu, utautafuta boksi zima. Acha sentimita 2 tu zionekane upande wa pili kabla hujazungusha. Na mkono unaozungusha usiende kuufuata uzi. Chombo kikae karibu na mkia, uzi ndio uzungushwe.

Fanya nusu saa, mara nne kwa wiki. Usiyarundike Jumamosi. Huko Toronto waligawanya madaktari wanafunzi: wengine walipewa vipindi 4 vya kushona mishipa midogo kwa siku moja, wengine vipindi vile vile kwa wiki 4. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, wa wiki 4 waliwashinda wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006.

Baada ya boksi, nenda machinjio yenye mkaguzi wa nyama uombe mita moja ya utumbo mwembamba wa mbuzi. Oshea maji, kata vipande vya sentimita 15, ugandishe. Unganisha viwili kwa uzi wa 3-0 uliopitwa na tarehe, sindano ya mviringo, milimita 4 hadi 5 kutoka ukingoni na vivyo hivyo kati ya mishono. Ingia hadi kwenye tabaka lililo chini ya utando wa ndani, maana ndilo linaloshika uzi. Mshono wa juu juu huchanika. Funga upande mmoja kwa kamba, ingiza bomba la sindano upande wa pili, sukuma mililita 60 za maji yenye rangi. Tazama yanapotokea. Mara nyingi ni kwenye kona ya upande wa mafuta, kwa sababu mafuta yamefunika ukingo nawe ukashona ukikisia. Safari ijayo safisha mafuta milimita 5 kila upande, uanze kushona na kona hiyo. Kisha pitisha kidole kidogo ndani. Kisipopita, umekaza mno.

Utumbo uliokufa hautoki damu, kwa hiyo hautakufundisha kutambua ukingo ulio hai na usio hai. Hilo linabaki la thieta, ukiwa na mkubwa wako.

Mimi ni daktari wa kawaida, nafanya upasuaji wa dharura wilayani. Kuna njia ya kuwa bingwa bila kwenda ng'ambo? Na pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya kitaaluma, zina maana gani hasa?
— Daktari, Kakamega

Ipo. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hakina majengo ya kufundishia; mwanafunzi hufanya kazi katika hospitali iliyoidhinishwa. Uanachama huchukua miaka 2, ubingwa kamili kwa kawaida jumla miaka 5. Daftari la operesheni ni sharti, kwa hiyo lako lianze leo.

Pointi ni sharti la kuhuisha leseni ya mwaka, na kwa Kenya kiwango ni 50. Kozi zisizopima mkono nazo zinahesabika, ndiyo maana mtu anaweza kujaza 50 bila kushika koleo. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua kozi ambayo mtu atasimama nyuma yako na saa mkononi, na kabla ya kulipia uliza swali moja: kila mkufunzi atakuwa na wanafunzi wangapi mezani? Wakizidi 4, tafuta nyingine.